"Did you received?" Kinachowachanganya watu katika wakati uliopita wa Kiingereza

Ujumbe wa namna hii huenea sana kwenye simu na barua pepe za kazini: "Did you received my message?" Aliyeuandika anajua fika kwamba "receive" katika wakati uliopita huwa "received". Alikaririshwa tangu shuleni. Kosa lake halikutokana na kutoijua kanuni. Ameitumia mara mbili mahali inapotakiwa mara moja. Wanaojitokeza kumsahihisha nao huwa hawaelewani: huyu anasema iwe "did you receive", yule anashikilia "have you received", na wa tatu anauliza kama "received" ni wakati uliopita, imekuwaje ghafla iwe kosa.

Swali la huyo wa tatu ndilo la maana kuliko yote. Ili tulijibu, inabidi tuanzie chini kidogo.

Kitenzi cha kawaida, kwa Kiingereza, ni kile ambacho wakati wake uliopita hupatikana kwa kuongeza "-ed" mwishoni: "walk" huwa "walked", "play" huwa "played". Kisicho cha kawaida hubadilika tumboni au hugeuka kabisa: "write" huwa "wrote", "go" huwa "went". Kitenzi kisaidizi ni kile kinachokaa pamoja na kitenzi kikuu ili kuonyesha wakati, kukanusha au kuuliza. Hapa tutakutana zaidi na "did", "have" na "was". Na kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita mbio: umbo la kitenzi na wakati wa tendo ni vitu viwili. "Worked" ni umbo. Linaweza kusimulia la jana, linaweza kuwa kipande cha "have worked", na linaweza hata kuzungumzia jambo ambalo halijatokea na pengine halitatokea.

Kiambishi kimoja kwa wote

Wakati uliopita wa Kiingereza ni rahisi kuliko wakati uliopo, ingawa wanafunzi wengi huuogopa. Katika uliopo lazima ukumbuke "-s" ya nafsi ya tatu: "I work" lakini "she works". Katika uliopita hakuna usumbufu huo. "I worked", "she worked", "they worked". Hiyo "-ed" haijali nani katenda wala walikuwa wangapi.

Watu hulalamika kwamba vitenzi visivyo vya kawaida vimejaa kila mahali. Kwa kweli ni vichache, ila ndivyo vinavyotumika mno. Vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza vyote si vya kawaida, ndiyo maana mtu huviona kila anapogeuka. Lakini kitenzi chochote kipya kikizaliwa leo huvaa "-ed" bila mjadala: "texted", "emailed", "googled". Hata baadhi ya vikongwe vimehamia upande huu. Zamani wakati uliopita wa "help" ulikuwa "holp", na wa "climb" ulikuwa "clomb". Sasa ni "helped" na "climbed". Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia vitenzi 177 visivyo vya kawaida vya Kiingereza cha kale, na kukuta kwamba 98 tu ndivyo ambavyo bado si vya kawaida.

Kanuni hii imezama kiasi kwamba watoto wa Waingereza na Wamarekani hawaikariri. Mwaka 1958 Mmarekani Jean Berko aliwaonyesha watoto wadogo picha za watu wakifanya vitendo vyenye majina ya kubuni. Mtu huyu anajua "to rick", aliwaambia. Jana naye alifanya hivyohivyo, jana alifanya nini? Wengi walijibu "ricked", neno ambalo hawakuwa wamelisikia maishani mwao. Tutarudi kwa watoto hao, maana kuna mahali walikwama.

Herufi za mwisho

Upande wa maandishi una mambo machache, na mengi ni mepesi. Kitenzi kikiishia kwa "e", ongeza "d" tu: "close", "closed". Kikiishia kwa "y" iliyotanguliwa na konsonanti, hiyo "y" huwa "i": "study", "studied". Ikitanguliwa na irabu, haiguswi: "enjoy", "enjoyed".

Penye tabu ni pale konsonanti ya mwisho inaporudiwa. Kwa nini "stop" huwa "stopped" lakini "visit" ikabaki "visited"? Kurudia herufi kuna kazi yake. Kunailinda irabu fupi iliyo mbele yake. Ona "plan", kupanga, na "plane", kupiga randa. "He planned the table" ina maana alikaa akaiwazia meza na kuipangia. "He planed the table" ina maana alishika randa akailainisha mbao. Herufi moja imetofautisha mchoraji na seremala. Vivyo hivyo "hopped" ni aliruka kwa mguu mmoja, na "hoped" ni alitumaini.

Kwa hiyo kitenzi cha silabi moja chenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni hurudia hiyo konsonanti, isipokuwa "w", "x" na "y". Kitenzi kirefu zaidi hurudia pale tu mkazo wa sauti unapoangukia silabi ya mwisho: "admit" na "prefer" hutoa "admitted" na "preferred", ila "visit" na "open", ambazo mkazo wake uko mwanzoni, hutoa "visited" na "opened". Hili huwasumbua Waswahili kwa sababu mkazo wetu una makao ya kudumu, silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio letu halina mazoea ya kuutafuta. Dawa ni kujifunza mkazo wa kila neno pamoja na neno lenyewe.

Ukiona "travelled" kwenye gazeti la London na "traveled" kwenye gazeti la Chicago, usimlaumu mhariri yeyote. Hiyo ni tofauti ya Uingereza na Marekani. Ndivyo ilivyo pia kwa "learnt" na "learned", "burnt" na "burned". Chagua upande mmoja kisha usiyumbe ndani ya andiko moja.

Ile "e" isiyosomwa

Hapa pana imani potofu iliyokomaa: kwamba "-ed" husomwa "ed" kila inapoonekana. Ndipo mtu anatamka "walked" kama "wokedi" na "stopped" kama "stopedi", silabi tatu mahali panapotakiwa moja.

Ukweli ni kwamba "-ed" ina sauti tatu, na inayochagua ni sauti iliyoitangulia. Weka vidole kooni, tamka "zzz", kisha "sss". Kwa "zzz" koo linatetema. Hizo huitwa sauti ghuna. Kwa "sss" koo limetulia. Kitenzi kikiishia kwa sauti isiyotetemesha koo, kama zile za "walk", "stop", "laugh" na "wash", basi "-ed" husikika kama "t" tupu: "wokt", "stopt". Kikiishia kwa sauti inayotetemesha koo, irabu zikiwemo, husikika "d": "pleid", "opnd". Ni pale tu kitenzi kinapoishia kwa "t" au "d" ndipo "-ed" hupata silabi yake: "wanted" ni "wontid", "needed" ni "niidid". Sababu iko wazi, kwani huwezi kutamka "t" juu ya "t" ikasikika bila kupenyeza irabu katikati.

Na hapo ndipo watoto wa Berko walipokwama. Waliomudu "ricked" walishindwa kwa wingi na kitenzi cha kubuni "mot", ambacho kilipaswa kuwa "motted". Sikio lao lilisikia "t" mwishoni likadhani kazi imekwisha. Basi hata wenye lugha hupitia hapo wakiwa wadogo.

Wanaosema "walk-ed" hawakuibuni sauti hiyo. Zamani silabi hiyo ilikuwepo kweli, na ilichukua karne kadhaa kufa. Mwaka 1712 mwandishi Jonathan Swift alikuwa bado ananung'unika kwamba washairi wanazikata irabu, wanaandika "disturb'd" badala ya "disturbed", na kwamba lugha inageuka ngumu masikioni. Alishindwa. Mabaki ya enzi hizo yamo katika sifa chache kama "naked", "wicked" na "learned" yenye maana ya msomi, ambazo bado hutamkwa kwa silabi mbili.

Kwetu sisi ugumu ni wa mdomo. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu, hivyo tunapokutana na "asked", konsonanti tatu mfululizo, ulimi hutafuta pa kutua na kuweka irabu ya kuazima. Ujanja mmoja unaofaa ni kuiunganisha hiyo sauti ya mwisho na neno linalofuata likianza kwa irabu. "Worked at" itamke kama "wok tat", na "t" itapata pa kukaa.

"Did" akishika mzigo

Sasa turudi kwa "did you received". Chukulia wakati uliopita kuwa mzigo mmoja. Sentensi ikiwa na kitenzi kikuu peke yake, ndicho kinachobeba: "She worked." Kikija kisaidizi "did", mzigo huhamia kwake wote, na kitenzi kikuu hubaki mikono mitupu: "Did she work?" "She did not work." Hiyo "did" yenyewe ni wakati uliopita wa "do". Ukiandika "did worked" umewabebesha wawili mzigo ambao ni mmoja.

Kwa upande wa kukanusha, Kiswahili kinafanya jambo la karibu na hilo. "Nilipika" ikikanushwa huwa "sikupika". Ile "-li-" inaondoka na "-ku-" inaingia mahali pake. Haiongezwi juu yake. Mswahili hawezi kusema "sikulipika" akimaanisha kwamba hakupika jana, na "didn't cooked" ina ubaya uleule.

Kwenye swali ndipo lugha hizi mbili zinapoachana, na nadhani hapo ndipo kosa linapozaliwa. "Umepokea" huwa swali kwa kupandisha sauti tu: "Umepokea?" Kitenzi hakibadiliki hata kidogo. Mtu mwenye mazoea hayo anaiona "did" kama alama ya kuuliza iliyowekwa mwanzoni mwa sentensi, mithili ya "je", kisha anaendelea na "you received" kama ilivyokuwa. "Je, ulipokea?" ni sahihi, "Did you received?" si sahihi, kwa sababu "did" si "je". Ni kitenzi, na wakati tayari uko mgongoni mwake.

Kanuni hiyohiyo inafafanua jambo ambalo hata wazungumzaji wazoefu hulikosea. "I used to smoke" ina maana nilikuwa navuta sigara, sasa sivuti. Ukiuliza, "-d" inaondoka: "Did you use to smoke?" Masikioni "used to" na "use to" hazitofautiki, zote ni "yuustu", ndiyo maana kosa huonekana kwenye maandishi pekee.

Kuna swali moja lisilohitaji "did": lile ambalo neno la kuulizia ndilo mtendaji. "Who called?" ni nani alipiga simu. "Who did you call?" ni ulimpigia nani. La kwanza halina "did", hivyo "call" hubeba mzigo wake yenyewe.

Na kuna wale wanaoandika "I did attend the meeting", "I did submit the report", kila sentensi na "did" yake, wakiamini ndiyo heshima ya barua za kiofisi. Kisarufi ziko sawa. Lakini "did" katika sentensi isiyouliza wala kukanusha hutia mkazo, kana kwamba kuna mtu anabisha. Ni sawa na Mswahili kusema "kuhudhuria nilihudhuria" au "kupiga nilipiga, ila hukupokea". Barua yenye mkazo wa namna hiyo kila mstari inasikika kama utetezi mahakamani. Andika tu "I attended the meeting".

Pacha wa kosa hili ni "was". Kwa kuwa Kiswahili kina "nilikuwa", mtu hutafsiri "nilikuwa nimekupigia" kuwa "I was called you". Hapo kaharibu zaidi, maana "was" ikifuatwa na umbo la "-ed" kwa kawaida hutoa kauli ya kutendwa, ile ya "-w-". "I called" ni nilipiga simu. "I was called" ni nilipigiwa au niliitwa. "She invited" na "she was invited" zinatofautiana kama "alialika" na "alialikwa". Ukitaka kusema tendo lilikuwa linaendelea, tumia "was calling", nilikuwa napiga. Ukitaka kusema lilikuwa limekwisha kabla ya lingine, tumia "had called", nilikuwa nimepiga.

"-li-", "-me-" na "-ka-"

Sasa ubishi wa wale wasahihishaji wawili. "Did you receive" na "have you received" zote ni sahihi, ila hazilengi mahali pamoja. Ya kwanza inatazama wakati fulani uliokwisha: nilituma jana usiku, je, ulipokea? Ya pili inatazama mpaka sasa hivi: umeshapokea? Kwa kukadiria, "received" inakaribiana na "-li-" na "have received" inakaribiana na "-me-". Nasema kwa kukadiria kwa sababu ukiwalinganisha kwa kamba utaanguka sehemu mbili.

Kwanza, Kiswahili cha mazungumzo huvumilia "nimempigia jana". Kiingereza hakivumilii "I have called her yesterday". Ukitaja wakati uliokwisha, iwe "yesterday", "last week", "in 2010" au "two days ago", hiyo "have" haina nafasi. Ni "I called her yesterday". Pili, "-me-" mara nyingi hueleza hali na si tendo. "Amechoka" ni "she is tired", "amelala" ni "he is asleep". Hapo "have" haihusiki kabisa. Wamarekani, kwa upande wao, husema kwa raha "Did you receive it yet?" pale Mwingereza atakapopendelea "Have you received it yet?", basi usishangae ukisikia zote mbili.

Vitenzi vya kawaida vina jambo moja linalofariji na kuchanganya kwa pamoja: umbo la "-ed" ni lilelile katika "I worked" na "I have worked". Kwa visivyo vya kawaida maumbo huweza kutofautiana, "wrote" na "have written". Aliyezoea "worked, have worked" ndiye anayeteleza na kuandika "I have wrote".

Kuna mtego mwingine ambao sijauona ukifafanuliwa vya kutosha, nao unatoka kwenye "-ka-" yetu ya masimulizi. Tunasema: "Alifungua mlango, akaingia, akaufunga." Wakati umetajwa mara moja kwa "-li-", kisha "-ka-" inafuata nyuma yake bila kuurudia. Mswahili akisimulia kwa Kiingereza huhisi kwamba kitenzi cha kwanza kimeshamaliza kazi, ndipo anaandika "She opened the door, walk in and lock it". Kiingereza hakina "-ka-". Kila kitenzi cha msimulizi hurudia alama yake: "She opened the door, walked in and locked it." Kwa sikio letu marudio hayo yanachosha kidogo. Ndivyo lugha yenyewe ilivyo.

Na wakati uliopita hauhitaji kuwa wa kale. "I closed the door" inaweza kuwa sekunde mbili zilizopita. Pia inaweza kuwa utotoni. Inaweza kuwa mara moja tu au kila siku kwa miaka kumi: "He walked to work every day for ten years." Kinachotakiwa ni msemaji kuliona jambo limefungwa, limebaki upande wa kule.

Umbo la jana kwa mambo ya leo

Kule "upande wa kule" ndiko kunakoeleza matumizi yanayowashangaza wengi. Mtu anabisha hodi ofisini na kusema "I wanted to ask you something". Alitaka jana? Hapana, anataka sasa. Ametumia "wanted" ili alisogeze ombi mbali kidogo na uso wa anayeombwa, lisimgonge. Kiswahili kinafanya hivyohivyo: "Nilikuwa naomba nikuulize jambo." Hakuna anayemjibu "na sasa huombi tena?"

Vivyo hivyo kwenye dhana. "If I lived near the sea, I would fish every day" haina habari yoyote ya zamani. Ni "kama ningeishi karibu na bahari, ningevua kila siku". Kazi inayofanywa na "-nge-" kwetu, Kiingereza kinaikabidhi kwa umbo la wakati uliopita pamoja na "would". Wanaotafsiri "lived" kuwa "niliishi" popote wanapoiona hupotoshwa kabisa hapa, kwa sababu sentensi inasema kinyume: siishi huko.

Hata "It's time we started" humaanisha kwamba bado hatujaanza.